Baga ya Kweli Katikati ya Dar: Kuitafuta Mgahawani, Kuipika Nyumbani

Ukiagiza baga katika migahawa ya katikati ya Dar es Salaam, kuanzia Posta hadi Kisutu, Mtendeni na kuingia Kariakoo, mara nyingi utaletewa kababu iliyofanywa bapa na kuwekwa ndani ya mkate. Ukiing'ata utakuta kitunguu kilichokatwakatwa, tangawizi, kitunguu saumu, kotimiri, pilipili mbichi na bizari, pengine na mkate uliolowekwa au yai la kushikisha. Ni chakula kitamu, na mji huu una mafundi wa kababu wa kuheshimiwa. Ila si baga. Baga ni nyama ya ng'ombe pamoja na mafuta yake, chumvi, moto mkali na mkate. Mengine yote hukaa juu au chini ya nyama, hayaingii ndani yake. Anayetafuta baga kamili aanze kwa kuijua tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo itakayomwonyesha aingie wapi, aulize nini, na akinunua nyama ya kupika mwenyewe, amwambie nini muuza bucha.

Sababu ya baga zetu kugeuka kababu, nadhani, ni waya wa kuchomea. Mapishi ya nyama mjini hapa yamekulia kwenye mkaa. Nenda jioni pale kwenye mgahawa wa Mamboz, kona ya Morogoro Road na Mtaa wa Libya, uone kuku na mishkaki vinavyochomwa, moshi ukitanda barabarani na watu wakisubiri meza. Nyama iliyo kwenye kijiti haina shida na waya. Lakini nyama ya kusaga iliyoachwa huru, bila yai wala mkate, ikiwekwa juu ya waya huweza kupasuka na kudondokea kwenye makaa. Mpishi mwenye akili akaishikisha, na alipokwisha kuishikisha akaona aitie viungo kabisa. Kwa hiyo dawa yake ni kuondoa waya na kuweka bamba la chuma. Hilo tu likibadilika, nyama haihitaji yai tena.

Na nyama ya kufanyia kazi hiyo tunayo. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na nchi zinazoizidi Afrika ni chache mno. Wengi ni ng'ombe wa asili, wenye nundu na pembe fupi, waliolelewa kwa nyasi na kutembea kila siku kufuata malisho na maji. Husafirishwa kwa malori kutoka Kanda ya Ziwa, Tabora, Singida na Dodoma hadi mnada wa Pugu, huchinjwa usiku katika machinjio kama Vingunguti, na kunapokucha nyama iko kwenye ndoano za bucha za Ilala, Kariakoo na Kisutu.

Nyama hiyo ina sifa mbili ambazo mpishi lazima azijue. Kwanza, ina ladha nzito. Mnyama aliyekula nyasi na kutumia misuli yake ana nyama nyekundu yenye harufu ya nyama kweli, tofauti na ya ng'ombe aliyesimamishwa zizini na kulishwa mahindi. Pili, ni ngumu na haina mafuta katikati ya nyuzi. Ugumu huo huongezwa na safari ndefu: ng'ombe aliyechoka humaliza sukari iliyo kwenye misuli, na akichinjwa katika hali hiyo nyama yake hubaki nyeusi na kavu. Kisha tunaila siku ileile. Huko Ulaya na Marekani nyama ya steki huning'inizwa kwenye chumba cha baridi kwa siku nyingi, pengine wiki mbili au zaidi, vimeng'enya vyake vyenyewe vikiilainisha taratibu. Yetu ikitoka ndoanoni asubuhi, mchana iko sufuriani.

Ndiyo maana steki ya Dar humtoa mtu jasho, na ndiyo maana tunachemsha nyama kwa saa nzima kabla ya kuiunga. Lakini mashine ya kusaga hukata nyuzi zote kwa dakika mbili, na ladha inabaki palepale. Kwa maoni yangu hakuna pishi la haraka linalomtendea haki ng'ombe wetu kuliko baga. Pungufu yake ni moja tu, mafuta. Baga inayotoa utomvu huwa na sehemu kama 80 za nyama kwa sehemu 20 za mafuta. Nyama yetu iliyo tupu haifiki hapo hata kwa mbali, na ikipikwa hivyo hutoka kavu, kila tonge likihitaji soda ya kusukumia. Dawa yake imekaa mgongoni mwa ng'ombe huyohuyo, nayo ni nundu. Nitairudia tukifika buchani.

Unapoingia mgahawani

Kabla ya kuangalia bei, uliza nyama. Uliza kwa adabu, na ikiwezekana muulize mpishi mwenyewe, kwa kuwa migahawa mingi ya mjini jiko liko mbele na mpishi anaonekana. "Samahani kaka, nyama ya baga mnasaga wenyewe?" Akikujibu kwamba wanasaga asubuhi, au kwamba wanaletewa na bucha fulani kila siku, kaa. Akikwambia inakuja tayari, maana yake ni vipande vya duara vilivyogandishwa, vimetengenezwa kiwandani na kupangwa kwenye friza. Kugandisha peke yake si kosa. Shida ni umeme. Friza ikizimika saa kadhaa nyama inayeyuka, umeme ukirudi inaganda tena, na nyama iliyoganda mara mbili humwaga maji ikiwekwa motoni. Utaijua kwa macho: inachemka badala ya kukaangika, rangi yake inakuwa ya majivu, na ukiing'ata inasagika kama unga wenye maji. Mahali penye jenereta pana nafuu, na hilo nalo si vibaya kuliuliza.

Baada ya nyama, tazama chombo. Unatafuta bamba la chuma, pana, lililo moto na karibu kavu. Mahali ambapo nyama inatumbukizwa kwenye mafuta yaleyale yanayokaanga chipsi, agiza chipsi. Mafuta mengi hukausha nyama ya kusaga pande zote na kuipa ladha ya kila kilichopita humo tangu asubuhi. Sikio pia linasaidia: nyama inapotua kwenye chuma kilichoiva hulia kwa nguvu mara moja na kuendelea kulia. Ikinyamaza, chuma kimepoa au nyama ina maji.

Ukishakubali kukaa, agizo la kwanza liwe tupu: nyama, mkate, chumvi, basi. Mhudumu atashangaa, pengine atauliza mara mbili kama kweli hutaki hata kachumbari. Mwambie vije pembeni. Tomato na mayonezi vikimwagwa vya kutosha hufunika kila kitu, kizuri na kibaya, na mtu anaweza kula mahali kwa miaka bila kujua nyama yake ina ladha gani. Ukiona nyama tupu imekufurahisha, umepata mgahawa. Siku nyingine ongeza unachopenda.

Na ule palepale. Baga ina maisha mafupi sana, kama dakika tano tangu itoke jikoni. Ikifungwa kwenye karatasi ya foili au boksi, mvuke wake yenyewe unalowesha mkate, ganda la nyama linalainika, mafuta yanaganda. Bodaboda akiibeba kutoka Mtaa wa Jamhuri hadi Upanga kwa foleni ya saa kumi na moja, kinachofika ni kitu kingine. Kuku wa kuchoma anavumilia safari, hata biriani. Baga haivumilii.

Saa nazo zina nafasi yake. Migahawa mingi ya Kisutu na Mtendeni ni ya Waislamu. Ijumaa adhuhuri hufungwa kwa sala, na mwezi wa Ramadhani jiko huwashwa jioni kwa ajili ya futari. Ramadhani jioni, baada ya watu kufuturu, ni wakati mzuri mno wa kula mjini, kwa sababu nyama hununuliwa kwa wingi na kupikwa hapohapo bila kulala. Jumapili sehemu za Posta zimelala, usijisumbue. Siku za kazi epuka saa saba mchana, wafanyakazi wa maofisini wanapomiminika na mpishi anapanga nyama kumi kwa pamoja kwenye bamba la watu wanne. Chuma kinapoa, na baga zote kumi zinachemka. Saa moja jioni mpishi ana muda na bamba limekuwa moto tangu alasiri.

Mtu asiyekula nyama asijione ametengwa. Mitaa ya Kisutu, kwenye mahekalu ya Wahindi, ina migahawa isiyopika nyama kabisa, na vada pav, donge la viazi vyenye bizari na binzari nyembamba lililokaangwa na kuwekwa kwenye mkate laini pamoja na chatne, lina haki zote za kukaa meza moja na baga.

Watu huniuliza habari za kampuni kubwa za baga za nje. McDonald's haina tawi Tanzania. Kwenye maduka makubwa na upande wa Masaki na Oysterbay ziko baga za bei ya juu, nyingine nzuri, lakini mtu anayefanya kazi Kariakoo hawezi kuvuka mji mzima kila anapotamani. Na ukweli ni kwamba kwa nyama inayopatikana hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, nyumbani unaweza kupika baga ambayo mgahawa wa katikati ya mji ni nadra kukupa. Sehemu iliyobaki ya mwongozo huu ni ya hiyo.

Buchani

Nenda mapema, kabla ya saa tatu asubuhi. Kuna bucha za Kariakoo, kuna za Ilala, na kuna soko la Kisutu, ambalo limejengwa upya kwa ghorofa. Tafuta muhuri wa mkaguzi kwenye mnofu mkubwa ulioning'inia. Nyama iwe na rangi nyekundu iliyoiva, isiyonata ukiigusa, na isiwe na harufu yoyote zaidi ya ile ya nyama mbichi.

Sehemu ya kununua ni bega au kidari. Sarara ni laini na ina bei, lakini ukiisaga unapoteza fedha zako, kwa kuwa ulaini wake unamalizwa na mashine na ladha yake ni nyepesi. Bega limefanya kazi, lina ladha. Shingo pia inafaa ikiondolewa mishipa. Halafu nundu. Watu wetu wanaijua kwa kuchoma; mafuta yake yamechanganyika na nyuzi nyembamba za nyama, ni matamu na hayagandi vibaya mdomoni kama mafuta ya figo. Changanya sehemu tatu za bega na moja ya nundu. Kwa kuwa nundu yenyewe ina nyama ndani yake, uwiano huo unakupeleka karibu na ile 80 kwa 20.

Mazungumzo huenda hivi:

"Za asubuhi, kaka. Nipimie bega, kilo kasoro robo. Toa mishipa yote."

"Ya mchuzi?"

"Ya kusaga. Na nundu robo."

"Bosi wangu, nundu inachomwa hii. Unaisaga ya nini?"

"Isage pamoja na hiyo. Tundu kubwa, mara moja tu."

Hayo maneno ya mwisho ni muhimu. Bucha nyingi husaga mara mbili kwa tundu dogo kwa sababu wateja wengi wanataka nyama ya sambusa au katlesi, na huko usagaji laini unafaa. Kwa baga unataka chembe zinazoonekana, nyekundu na nyeupe, zenye nafasi ndogondogo katikati ambamo mafuta yaliyoyeyuka yatakaa. Nyama iliyosagwa mara mbili hugandamana na kuwa kitu kimoja kizito.

Simama uangalie. Mwombe aikate nyama vipande mbele yako, achanganye bega na nundu kabla ya kuingiza mashineni, na kiganja cha kwanza kitakachotoka kiwekwe pembeni, kwa kuwa hicho kimebeba mabaki ya mteja aliyetangulia. Hakuna muuza nyama mwaminifu atakayechukia ukisema kwa ustaarabu. Na nyama iliyokwisha kusagwa, iliyorundikwa kwenye sinia kioo kikiwa wazi, iache. Hujui ni ya sehemu gani wala ya saa ngapi.

Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Kwenye kipande kizima vijidudu hukaa juu, na moto unavimaliza. Ukisaga, unavichukua vya juu na kuviingiza ndani. Mwaka 1993 huko Marekani baga za mgahawa wa Jack in the Box, ambazo hazikuiva sawasawa, ziliwaambukiza watu zaidi ya 700 bakteria wa E. coli, na watoto wanne wakafa. Hiyo ni nchi yenye majokofu kuanzia machinjioni hadi dukani. Sisi nyama yetu hukaa ndoanoni kwenye joto la nyuzi 30. Kwa hiyo ile habari ya baga nyekundu katikati, inayosifiwa kwenye vitabu vya upishi vya wenzetu, haituhusu. Baga ya Dar iive hadi ndani. Kipimo cha wataalamu ni nyuzi 71 za selsiasi katikati ya nyama. Usipokuwa na kipimajoto, pasua moja uone hakuna uwekundu na maji yanayotoka ni maangavu.

Nenda na chombo chenye barafu. Barafu za mfuko zinapatikana kila kona ya Kariakoo. Haja yake ni usalama, lakini ni ladha pia: mafuta ya nundu yakipata joto hulainika, hupakaa kwenye nyama na mikono, na yakishapakaa hayarudi kuwa chembe. Ukifika nyumbani, nyama iingie kwenye friza dakika ishirini kabla hujaigusa.

Jikoni

Toa nyama, igawe bila kuikanda. Usiweke chochote ndani, hata chumvi. Chumvi ikichanganywa na nyama ya kusaga huyeyusha protini zake, nazo zikishayeyuka hushikana na kuvutika. Hivyo ndivyo soseji inavyotengenezwa. Chumvi ya baga inanyunyizwa juu, nyama ikiwa imeshawekwa kwenye chuma, na iwe nyingi kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu inakaa nje tu.

Kuna njia mbili za kuunda. Ya kwanza ni donge nene la gramu 150, lililobonyezwa kidogo katikati kwa kidole gumba ili lisivimbe, pana kuliko mkate kwa kuwa litanywea. Ya pili ni donge dogo la gramu 80 linalowekwa kama mpira kwenye chuma cha moto na kugandamizwa likawa jembamba. Wamarekani wana baga nyembamba tangu zamani. White Castle, iliyoanza Wichita mwaka 1921, iliuza baga ndogo nyembamba zilizopikwa pamoja na vitunguu. Mimi nashauri nyembamba, na sababu yangu ni ile niliyokwisha kuitaja. Ukitaka donge nene liive hadi katikati, nje linakauka. Jembamba linaiva lote kwa dakika tatu, na wakati huohuo upande wa chini umepata ganda la kahawia, ambalo ndilo tunda la kazi yote hii. Ganda hilo hutokea pale protini na sukari za nyama zinapokutana na joto la nyuzi 140 na zaidi. Maji yakiwepo joto haliwezi kufika huko, ndiyo maana nasisitiza chuma kikavu.

Chombo chake unacho tayari. Kikaango kizito cha chuma cha kupikia chapati, kile ambacho Wahindi wetu wanakiita tawa, ni bora kuliko kikaango chochote cha kisasa chenye utando usiogandisha. Utando huo haupendi moto mkali, na nyama inapaswa kugandia kidogo kwanza. Hutakosa cha kununua kwenye maduka ya vyombo ya Kariakoo; chagua kinene, kinachokuelemea mkono. Kuhusu moto, jiko la mkaa lililowashwa vizuri lina nguvu kuliko jiko la gesi la plate ndogo. Ukiwa na gesi, tumia plate kubwa na kipe chuma muda, dakika saba au nane tupu. Dondoshea tone la maji: likitapakaa na kuchemka polepole, bado. Likikimbia huku na huko juu ya chuma na kutoweka, tayari.

Usiweke mafuta. Nundu itatoa yake. Weka donge, funika kwa kipande cha karatasi ya kuokea, kisha gandamiza kwa kitako cha sufuria ndogo nzito. Bonyeza kwa nguvu na kwa uthabiti, hesabu hadi kumi, ondoa. Baada ya hapo usibonyeze tena hata kidogo. Wapishi wengi hupenda kuikandamiza nyama inapoiva ili isikike ikilia. Kila mlio ule ni utomvu unaokimbilia motoni. Mwanzoni, nyama ikiwa bado baridi, hakuna kinachopotea, na ndiyo maana tunabonyeza wakati huo peke yake.

Nyunyiza chumvi na pilipili manga. Subiri. Kingo zitaanza kukauka na kupata rangi ya kahawia, matone mekundu yatajitokeza juu, kisha yatakuwa ya kijivu. Ni kama dakika mbili. Sasa chukua mwiko wa chuma wenye ncha kali, ingiza chini kabisa, kwaruza ili ganda lije na nyama, kisha geuza donge mara moja. Upande wa pili dakika moja unatosha. Ukitaka jibini, iweke hapo, na jibini zinazotengenezwa Njombe zinafaa. Chagua inayoyeyuka, isiwe ngumu ya kukwaruza. Funika kwa bakuli sekunde ishirini.

Pika mbilimbili, usijaze chuma. Watoto watapiga kelele, wageni watachungulia, wewe usiongeze ya tatu.

Mkate na vya juu yake

Mkate ndio udhaifu wetu mkubwa. Mikate ya baga inayouzwa kwenye pakiti mjini mingi ina sukari kupita kiasi na ni minene, kiasi kwamba nyama inapotea ndani. Ujaribu kwa kidole: ubonyeze, uone kama unarudi. Usiporudi ni wa juzi. Njia bora ni kuwa na mwoka mikate wa jirani na kumwomba akupe wa siku hiyo, mdogo, usio na ufuta wa mapambo. Ukiukosa, silesi mbili za boflo la kawaida zilizokaangwa upande mmoja zinafanya kazi nzuri kuliko mkate mtamu.

Kwa vyovyote, uso wa ndani wa mkate lazima upite kwenye chuma. Nyama ikitoka, mafuta ya nundu yamebaki pale. Laza mkate juu yake, uso wa ndani chini, sekunde thelathini. Utapata ukoko mwembamba unaozuia utomvu usiuloweshe mkate kabla hujamaliza kula. Hatua hii ndogo ndiyo wengi wanairuka, kisha wanalaumu mkate.

Kwa vya juu, adui ni maji. Nyanya ya Dar ni tamu na ina maji mengi. Ikate nyembamba, nyunyiza chumvi, iache ichuje dakika kumi, pangusa. Kitunguu maji kikate vijiduara, kioshe kwa chumvi, kikamue, kitie ndimu. Kachumbari nzima yenye tango na karoti ipeleke pembeni mwa sahani, ndani ya mkate inateleza na kumwagika. Badala ya tango la siki la Wazungu, ambalo huku ni ghali, tumia achari ya embe, kijiko kidogo tu, iliyokatwakatwa. Uchachu wake unayakata mafuta ya nundu barabara. Chachandu ya ukwaju pia ina mahali pake. Mayonezi napendekeza ipakwe kwenye mkate wa chini, kidogo, nayo inazuia maji. Tomato mimi siweki, lakini sitakukatalia.

Mpangilio wangu ni huu: mkate wa chini na mayonezi, achari, nyama ya kwanza na jibini, nyama ya pili, kitunguu, mkate wa juu. Vipande viwili vyembamba vinakupa ganda mara mbili, na ladha yake inazidi donge moja nene la uzito uleule. Kilo moja ya mchanganyiko inatoa vipande kumi na viwili, yaani baga sita kubwa zinazoshibisha familia. Piga hesabu ya bega, nundu, mikate na achari, ulinganishe na bei ya baga sita mgahawani. Hutahitaji mtu wa kukushawishi.

Nyama iliyosagwa ipikwe siku hiyohiyo. Ikibaki, igandishe mara moja ikiwa bapa kwenye mfuko, na umeme ukikatika hadi ikayeyuka kabisa na kupata joto, usiirudishe, itupe. Iliyopikwa haipashwi moto kama baga.

Ukishaizoea ladha hiyo, nenda kwenye mgahawa unaoupenda hapo mjini uzungumze na mwenye nao. Mwambie asage nyama yake kila asubuhi, aweke nundu robo kwa robo tatu ya bega, yai na mkate aviache kwa kababu, na anunue bamba la chuma. Mwambie pia kwamba uko tayari kulipa zaidi kidogo kwa hiyo, na umlipe.